Kaswende Isiyokuwepo

Ndani ya mkebe wa biskuti aliouacha marehemu shangazi yangu, chini ya stakabadhi za kodi ya kiwanja na picha mbili za harusi zilizoanza kuliwa na unyevu, mna kadi nne za kliniki ya wajawazito. Ya kwanza ni ya 1984, ya mwisho ya 1991. Tatu zimejazwa hudhurio moja tu. Ya nne imefika hudhurio la tatu, kisha mistari iliyobaki ni mitupu. Kwenye kila kadi, kwa miandiko ya wauguzi tofauti, sehemu ya kipimo cha kaswende ina herufi nne na alama moja: VDRL, halafu alama ya kujumlisha.

Alama hiyo ndiyo iliyomvunjia nyumba.

Pangani ya miaka ile, nesi hakuwa na muda wa maelezo marefu. Alimwambia, "Mwanangu, una kaswende. Kamlete na bwana." Shangazi akachomwa penisilini, akamleta bwana. Bwana akapimwa, akaonekana hana. Mimba ikatoka mwezi wa tano. Mimba ya pili ikawa vivyo hivyo: alama ile ile, sindano zile zile, bwana hana, mimba ikatoka. Hapo mumewe, fundi wa majahazi na mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja mbele ya mama yake mzazi: "Kama mimi sina, wewe umeitoa wapi?" Kufikia 1989 alikuwa na mke wa pili Muheza, na mtoto.

Wazee hawakukosa majibu yao. Bibi alisema ni chango, tena lile baya linalokula watoto tumboni. Mwalimu wa chuo akaandika kombe, shangazi akanywa siku saba. Akafungwa hirizi kiunoni. Baada ya mimba ya nne kutoka, mguu wake wa kushoto ulivimba kutoka pajani hadi kifundoni na kumuuma kwa wiki nyingi. Pwani ya Tanga mguu wa mtu ukivimba hakuna anayeuliza mara mbili, ni matende tu. Alipofika miaka 44 alianguka jikoni, mkono wa kulia ukalegea na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Cha pili, miaka michache baadaye, ndicho kilichomchukua.

Mimi nilikuwa naandika habari za afya kwa miaka kadhaa tayari nilipokutana, katika kusoma mambo mengine kabisa, na maelezo ya ugonjwa mmoja unaofanya mambo manne kwa pamoja: humpa mtu majibu ya uongo ya kaswende, huangusha mimba, hugandisha damu kwenye mishipa ya mguu, na huleta kiharusi kwa watu wasio na umri wa kiharusi. Niliisoma sentensi ile mara tatu. Kisha nikaenda kuutafuta ule mkebe.

Moyo wa ng'ombe

Kipimo cha VDRL, pamoja na ndugu yake RPR ambacho kliniki zetu zimekitumia kwa miaka mingi, hakitafuti kijidudu cha kaswende. Kinatafuta kitu kingine, na historia yake ni ya ajabu kidogo.

Mwaka 1906 huko Berlin, August von Wassermann na wenzake walitengeneza kipimo cha kwanza cha damu cha kaswende. Walisaga maini ya watoto waliokufa kwa kaswende tumboni, wakiamini kuwa mle mmejaa vijidudu, na wakaona damu ya wagonjwa ikijibu inapokutanishwa na maji ya ini lile. Hoja ilionekana safi. Haukupita muda wenzao wakagundua kwamba ini la mtu asiye na kaswende lilifanya kazi ile ile, na kwamba hata moyo wa ng'ombe kutoka machinjioni ulitosha. Kipimo kilikuwa sahihi mara nyingi kwa sababu ambayo mwenyewe aliyekibuni hakuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Mary Pangborn, mkemia wa maabara ya afya ya jimbo la New York, ndiye aliyefanikiwa kukitenga kile kitu chenyewe kutoka kwenye moyo wa ng'ombe. Yalikuwa mafuta, ya aina ile inayojenga kuta za chembe za mwili na kuitwa fosfolipidi. Akayaita kadiolipini, jina la moyo.

Basi mtu mwenye kaswende hutengeneza kingamwili dhidi ya mafuta hayo, kwa sababu ugonjwa huvuruga chembe zake na kuyaanika. Lakini si mwenye kaswende peke yake. Malaria inaweza kufanya hivyo kwa muda. Ukoma pia. Na wapo watu ambao mwili wao huanza kuyashambulia mafuta hayo bila adui yeyote wa nje, ukaendelea mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1952 madaktari Moore na Mohr wa Baltimore, Marekani, waliandika juu ya watu waliokuwa wakipewa majibu ya kaswende bila kuwa nayo. Kati ya wale ambao majibu yao hayakuwa yakibadilika, wengi walikuwa na dalili za lupasi au ugonjwa unaofanana nayo, ambapo kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo yenyewe ni damu.

Njia ya kutenganisha kaswende ya kweli na ya uongo ilikuwepo na ipo: kipimo cha pili, kama TPHA, kinachotafuta kingamwili dhidi ya kijidudu chenyewe. Kwenye kadi za shangazi hakuna TPHA. Simlaumu nesi. Aliyekuwa na friji ya mafuta ya taa na kipimo kimoja alitumia alichokuwa nacho.

Na nieleweke vizuri hapa, maana jambo hili likisomwa vibaya linaweza kuua. Kaswende ya kweli ni muuaji mkubwa wa watoto tumboni. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa 2002 ulionyesha kwamba robo ya wanawake waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa walizaa mtoto mfu, wakati kwa wasio na kaswende alikuwa mmoja tu katika mia. Nesi anayemchoma penisilini mjamzito mwenye alama ya kujumlisha anafanya jambo sahihi, hata kama baadaye alama ikaonekana ilidanganya. Penisilini haikumdhuru shangazi. Kilichomdhuru ni swali lililoulizwa mbele ya mama mkwe.

Siku hizi kliniki nyingi hutumia kipimo cha haraka kinachopima virusi vya Ukimwi na kaswende kwa tone moja la damu. Hicho hutafuta kingamwili za kijidudu cha kaswende na si za mafuta ya moyo, kwa hiyo uongo wa aina ile umepungua. Ni maendeleo mazuri. Ila kuna hasara ndogo ambayo sijaona ikisemwa: mwanamke wa aina ya shangazi, ambaye zamani alama ile ya ajabu ingeweza kumshtua daktari makini, sasa atapita kliniki akionekana mzima kabisa.

Kupitia Kingston

Aliyeunganisha nyuzi hizi ni daktari wa London, Graham Hughes, na alizipata kwa kupotea njia. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda kufanya kazi Kingston, Jamaika. Huko kulikuwa na wagonjwa waliopooza miguu, na wengi wao walikuwa na majibu ya uongo ya kaswende. Hughes akawaza kwamba labda kingamwili zinazoshambulia mafuta ya moyo zinashambulia na mafuta ya uti wa mgongo. Wazo lilikuwa zuri na lilikuwa na kosa. Kupooza kule baadaye kulikuja kuhusishwa na kirusi kiitwacho HTLV-1. Lakini wazo alirudi nalo London, Hospitali ya Hammersmith, akaanza kuzitafuta kingamwili zile kwa wagonjwa wake wa lupasi.

Mwaka 1983 aliandika alichokiona: wanawake wenye kingamwili hizo walikuwa na damu inayoganda ovyo, walipata kiharusi wakiwa vijana, na mimba zao zilitoka. Mwaka huo huo wenzake, akiwemo Nigel Harris, mzaliwa wa Guyana ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha West Indies, walichapisha kipimo cha kuzipima kingamwili hizo moja kwa moja, bila kupitia mlango wa kaswende. Ugonjwa ukaitwa sindromu ya kingamwili za fosfolipidi. Wengine huuita ugonjwa wa Hughes. Wengi wanaoupata hawana lupasi hata kidogo.

Kuna jambo moja kwenye ugonjwa huu ambalo limewachanganya hata madaktari. Mojawapo ya kingamwili hizi, ikiwa ndani ya kioo cha maabara, huchelewesha damu kuganda. Ndiyo maana mwaka 1972 ilipachikwa jina la kizuia-kuganda cha lupasi. Ukisoma jina hilo utafikiri mgonjwa atatokwa na damu nyingi. Kumbe mwilini hufanya kinyume. Kwenye kioo damu inahitaji mafuta ya fosfolipidi ili igande, na kingamwili huyakumbatia mafuta hayo yasifanye kazi. Mwilini, kingamwili hushika protini moja iliyokaa juu ya kuta za mishipa na za kondo la nyuma, na kuziamsha kuta hizo kana kwamba zimejeruhiwa. Damu huanza kuganda mahali pasipo na jeraha. Jina zima basi ni kosa juu ya kosa: si la lupasi, na halizuii kuganda. Hata hivyo limebaki, kama majina mengine mabaya yanavyobaki mtaani.

Sindano mia nne

Kwa mwanamke anayepoteza mimba mfululizo, ugonjwa huu ndio habari njema kuliko zote anazoweza kupewa, kwa sababu ndio wenye tiba iliyopimwa.

Mwaka 1997 Raj Rai, Lesley Regan na wenzao wa Hospitali ya St Mary's, London, walitoa majibu ya wanawake 90 waliokuwa na kingamwili hizo na historia ya mimba kutoka tena na tena. Nusu walipewa aspirini ndogo, miligramu 75 kwa siku. Nusu walipewa aspirini hiyo pamoja na sindano za heparini asubuhi na jioni, hadi wiki ya 34. Waliotumia aspirini peke yake, 19 kati ya 45 walipata mtoto hai. Waliotumia vyote viwili walikuwa 32 kati ya 45. Miaka miwili kabla, kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limeripoti kwamba wanawake kama hao wasipotibiwa hupoteza karibu mimba tisa katika kila kumi. Si kila utafiti uliofuata ulikubaliana. Mmoja wa Liverpool, wa 2002, haukuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili, ingawa wote walifanya vizuri. Hata hivyo aspirini na heparini ndiyo tiba inayotumika duniani leo kwa hali hii.

Tupige hesabu. Sindano mbili kwa siku kutoka wiki ya 6 hadi ya 34 ni karibu 400. Heparini za kisasa huchomwa mara moja kwa siku, kwa hiyo ni kama 200, na mara nyingi huendelea hadi wiki sita baada ya kujifungua, hasa kwa aliyewahi kugandisha damu. Mwanamke hujichoma mwenyewe kwenye ngozi ya tumbo, pembeni ya mtoto, kila siku ya Mungu. Baada ya mwezi tumbo lina madoa ya bluu kama lililopigwa. Wanaolipia kutoka mfukoni, na kwetu ni wengi, hununua boksi moja moja. Kuna wanaoruka siku ili boksi lifike mwisho wa mwezi, na hilo ni jambo la kumwambia daktari bila aibu, kwa sababu heparini ya zamani ya chupa ni nafuu zaidi na ndiyo iliyotumika kwenye utafiti ule wa London.

Pwani yetu kuna swali jingine linaloulizwa kwa sauti ya chini. Heparini inatoka wapi? Iligunduliwa mwaka 1916 na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean, Baltimore, akichezea maini ya mbwa. Ndiyo maana ina jina la Kigiriki la ini. Leo sehemu kubwa ya heparini duniani hutengenezwa kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Iliwahi kuwepo kwa wingi ya ng'ombe, lakini hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe miaka ya 1990 iliiondoa kwenye masoko mengi. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameruhusu dawa ya namna hii pale ambapo kuna dharura na hakuna mbadala wa kutegemewa. Mgonjwa ana haki ya kujua na kumuuliza shehe wake kabla, badala ya kulisoma jambo hili kwenye karatasi ya ndani ya boksi akiwa katikati ya mimba. Daktari anayeona swali hilo ni usumbufu hajui anamtibu nani.

Mbadala wa maabara upo, unaitwa fondaparinux, lakini hapo sayansi inageuka kwa namna ya kuvutia. Mwaka 2004 Guillermina Girardi na Jane Salmon wa New York waliwachukua panya wenye mimba wakawapa kingamwili za wagonjwa. Heparini iliwaokoa watoto wa panya. Dawa nyingine mbili zinazozuia damu kuganda, fondaparinux ikiwa mojawapo, hazikuwaokoa. Ikiwa tatizo ni bonge la damu kwenye kondo la nyuma, kwa nini dawa zinazozuia bonge zishindwe? Jibu lao lilikuwa kwamba heparini inafanya kazi ya pili isiyojulikana sana: inazima komplementi, kundi la protini za kinga ambazo kazi yake ni kutoboa adui. Kingamwili zile huziita protini hizo kwenye kondo la nyuma, zikalitoboa. Kwa hiyo kinachoangusha mimba hizi ni kinga iliyokosea zaidi ya damu iliyoganda. Ni panya, si watu. Lakini tangu hapo ni vigumu kuongea juu ya damu kuganda na kinga ya mwili kana kwamba ni nyumba mbili tofauti.

Nani apimwe? Kwa vigezo vilivyotumika zaidi tangu 2006, ni mwanamke aliyepoteza mimba tatu mfululizo kabla ya wiki ya 10, au hata moja tu baada ya wiki ya 10 ikiwa mtoto alionekana hana kasoro, au aliyezaa kabla ya wiki ya 34 kwa sababu ya presha kali ya mimba au mtoto kudumaa tumboni. Damu hutolewa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili zipite angalau wiki 12, kwa kuwa mafua, malaria au maambukizi yoyote yanaweza kuzipandisha kingamwili hizi kwa muda. Kipimo kimoja hakitoshi. Ninasisitiza kwa sababu maabara binafsi za mijini ziko tayari kukuuzia kimoja, na duka la dawa la jirani kukuuzia tiba ya kukifuata.

Soko la matumaini

Katika wanawake mia moja wanaopoteza mimba mfululizo, wenye kingamwili hizi ni kama 15. Wale 85 waliobaki ndio wateja.

Angalia mambo ya kurithi. Mwaka 1994 watafiti wa mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua hitilafu ya jeni inayofanya damu igande kirahisi, wakaipa jina la mji wao. Karibu Mzungu mmoja katika 20 anayo. Kwa Waafrika ni adimu mno. Hata hivyo nimeona fomu za vipimo, zilizoletwa na wanandoa wa hapa hapa, zikiwa na Leiden katika orodha ya kulipia. Na hata aliye nayo hapati alichotafuta: utafiti mkubwa uitwao ALIFE2, uliochapishwa 2023, uliwagawa kwa kura wanawake 326 wenye hitilafu za kurithi na historia ya mimba kutoka. Waliochomwa heparini na wasiochomwa walipata watoto hai kwa kiwango kile kile, 72 kwa 71 katika mia. Sindano mia mbili za bure, madoa ya bluu ya bure.

Upande wa kinga kuna hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1953 Peter Medawar aliuliza swali lililowahangaisha wanasayansi kwa miongo: mtoto tumboni nusu yake ni ya baba, ni mgeni kama figo ya kupandikizwa, sasa mbona mwili wa mama haumfukuzi? Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kuamini kwamba mimba zinazotoka zimefukuzwa. Miaka ya 1980 ikaja tiba ya kumchoma mke chembe nyeupe za damu ya mumewe ili mwili wake "umzoee". Utafiti wa kwanza wa London, 1985, ulionyesha matumaini makubwa. Wa Marekani wa 1999, uliofanywa kwa uangalifu zaidi, haukuona faida, na ulitia wasiwasi kwamba huenda inadhuru. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaizuia isitumike nje ya utafiti. Bado inauzwa katika nchi nyingine, na wapo wa kwetu wanaopanda ndege kuifuata.

Zipo pia chembe zenye jina la kutisha, NK, yaani chembe zinazoua kwa asili. Kliniki hupima damu ya mkono, huona NK ni nyingi, huandika drip ya mafuta ya soya na kiini cha yai au vidonge vya steroidi. Mwanamke husikia "chembe zinazoua" na mara moja anaiona picha: mwili wangu unamuua mwanangu. Ni ukatili, nasema bila kupunguza. NK za kwenye mfuko wa uzazi si sawa na za mkononi, na kazi yake kubwa huko ni kusaidia kujenga: hushirikiana na chembe za kondo la nyuma kuitanua mishipa ya mama ili mtoto apate damu ya kutosha. Zilipewa jina miaka ya 1970 na watu waliokuwa wakichunguza saratani.

Hapa Afrika Mashariki tuna la kujivunia kidogo. Kampala, Hospitali ya Mulago, Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Ashley Moffett wa Cambridge, walichunguza jeni ambazo NK za mama hutumia kusoma alama za mtoto, zikiwemo alama alizorithi kwa baba. Mchanganyiko fulani wa jeni za mama na alama za mtoto huambatana na kondo la nyuma lisilochimba vizuri, na presha kali ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Matokeo yao ya 2015 yalionyesha kwamba kundi la jeni linalowalinda wanawake wa Uganda si lile linalowalinda Wazungu; ni jingine, ambalo Ulaya halipo. Ukipima Mganda kwa rula ya Ulaya utakosea. Nami, nikisoma, nilikwama kwenye yale maneno "kwa baba". Kwa miaka yote ile nyumbani kwetu, hakuna aliyewahi kufikiri kwamba nusu ya mtoto ilitoka kwa fundi wa majahazi.

Kinga ya kwetu hasa, ile inayoamua mimba nyingi za ukanda huu, ni ya malaria. Mwanamke aliyekulia Kisumu au Muheza huwa amejijengea ulinzi, lakini mimba ya kwanza inapoingia ulinzi huo unavunjika, kwa sababu kondo la nyuma ni kiungo kipya ambacho mwili haujawahi kukilinda. Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha mwaka 1996, kwa utafiti wa magharibi ya Kenya, kwamba vimelea hunata kwenye aina moja ya sukari iliyoko ndani ya kondo la nyuma. Mimba ya pili na ya tatu mama huwa ameshatengeneza kingamwili za kuvizuia visinate. Vidonge vya SP na chandarua, kwa mimba ya kwanza hasa, vinafanya kazi ambayo hakuna drip ya mafuta ya soya itakayoifanya.

Na kwa wale wachache wetu wenye kundi la damu hasi, jambo moja tu: sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye damu chanya, au mimba kubwa kutoka. Bila hiyo, kinga ya mama inaweza kujifunza kuivunja damu ya mtoto anayefuata. Kwa kuwa ni wachache, ndiyo maana husahaulika.

Kwa wengine wote ambao kila kipimo kinarudi safi, hilo lenyewe si hukumu. Katika utafiti wa Uholanzi wa 2010, wanawake waliopoteza mimba bila sababu kujulikana walipopewa dawa isiyo na kitu, theluthi mbili ya walioshika mimba tena walipata mtoto hai. Huko Norway, mwaka 1984, waliofuatiliwa kila wiki kwa ukaribu, wakasikilizwa na kutulizwa, walifanya vizuri kuliko wasiofuatiliwa; hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo sitalibeba jambo hilo mbali. Nililitaja kwa daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya wanawake. Akacheka, akaniambia kwamba zahanati yake ina wajawazito themanini kwa siku, nimwonyeshe ukaribu utakaa wapi.

Mwaka jana nilikwenda Pangani na zile kadi. Mume wa shangazi yu hai, kazeeka, bado anatengeneza majahazi kwenye mchanga wa ng'ambo ya mto. Nilimwamkia, akaitika, tukakaa kwenye kivuli cha chombo. Nikamweleza yote, moyo wa ng'ombe, Kingston, sindano. Alisikiliza akiwa ameshika patasi. Nilipomaliza aliomba aione kadi ya kwanza. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye ile alama.

"Kwa hiyo hakuwa nayo?"

"Hakupimwa kipimo cha pili, mzee. Haijulikani."

Akanirudishia kadi. Akachukua pamba na mafuta, akaendelea kutia kalafati.